Uchambuzi wa kisa: Mkanda wa altaneta uliokatika njiani kwenda Magu

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya mafundi vijana na wenye magari ya familia yaliyokula umri. Majina, namba ya gari, mtaa na tarehe kamili nimeviondoa. Mfuatano wa mambo na makosa yaliyofanyika, likiwemo la gereji yangu, nimeviacha kama vilivyokuwa.

Usuli

Gari ni Toyota Corolla, ile tunayoiita 110, ya mwaka 1998, yenye injini ya 5A ya petroli, sisi 1500. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu anayeishi na mkewe upande wa Nyakato, Mwanza. Dereva wa siku nyingi ni kijana wao wa pili. Gari halifanyi biashara. Linaenda sokoni, kanisani, Bugando siku za kliniki ya mama, na mara mbili kwa mwezi shambani upande wa Magu, kama kilomita 60 kwenda.

Injini hii ina mikanda miwili ya nje na mmoja wa ndani. Wa kwanza wa nje ni wa altaneta, mashine inayochaji betri: unatoka puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini), unapita pampu ya maji, unazungusha altaneta. Wa pili ni wa pampu ya stelingi. Wa ndani ni wa taimingi, unaofanya valvu zifunguke kwa kufuatana na pistoni, umefunikwa, na kwenye injini hii hauhusiki na pampu ya maji. Hapo wengi huchanganya, kwa sababu kwenye injini ya 3S, ile ya Noah za zamani, pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa taimingi. Kwenye 5A inategemea mkanda wa altaneta. Mkanda huo ukikatika, vinakufa viwili kwa mpigo: chaji na mzunguko wa maji.

Lipo jambo jingine ambalo familia walikuwa wamelisahau kabisa. Gari lilikuja na kiyoyozi, na kompresa yake ilikuwa inazungushwa na mkanda huohuo wa altaneta. Miaka kadhaa nyuma beringi ya kompresa ilikufa, fundi wa wakati ule akaing'oa na kufunga mkanda mfupi unaoruka nafasi yake. Kazi ilikuwa safi. Ila hakuna aliyeandika popote kwamba gari hili sasa linavaa mkanda tofauti na wenzake.

Mfuatano wa matukio

Mvua za masika zilipoanza, gari likaanza kulia asubuhi. Mlio mkali wa sekunde chache baada ya kuwasha, kisha kimya. Baada ya wiki mbili ukawa unakuja hata taa zikiwashwa usiku. Kijana akalipeleka kwa fundi wa jirani, akalegeza altaneta, akaisukuma kwa mtaimbo, akakaza. Mlio ukaisha. Siku kumi baadaye ukarudi, akakaza tena zaidi. Mara ya tatu akapaka kipande cha sabuni ya kufulia kwenye mkanda wakati injini inazunguka, mlio ukakata, wakalipa wakaondoka.

Mwezi mmoja hivi baadaye familia ikapata msiba Magu. Dada yake mama alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa saa nane mchana. Walitoka nyumbani asubuhi watu wanne, na mchele na sufuria nyuma. Wakikaribia Kisesa, taa nyekundu ya betri ikawaka na kubaki inawaka.

Kijana aliniambia alichowaza, na nakiandika hapa kwa sababu madereva wengi huwaza hivyohivyo: "Ni chaji tu, betri itatufikisha." Stelingi ilikuwa nyepesi kama kawaida, kwa kuwa mkanda wake ni mwingine. Injini haikubadilika sauti. Akaendelea.

Alipitisha kama kilomita tatu. Mama, aliyekaa mbele, ndiye aliyeona mshale wa joto umepita katikati na bado unapanda. Akasema, "Baba, simama, hii si kawaida yake." Kijana akasimama pembeni na kuzima injini wakati mshale ukiwa robo tatu. Walifungua boneti, lakini kifuniko cha rejeta hawakukigusa. Wakakuta mkanda umekatika na kujiviringisha nyuma ya puli ya krenki. Mama akauchomoa taratibu, akautia kwenye mfuko wa plastiki.

Mkanda ule uliookotwa ndio ulionipa majibu mengi baadaye.

Kijana akapanda bodaboda kurudi Kisesa kutafuta mkanda. Dukani akasema, "Naomba mkanda wa altaneta wa 110." Muuzaji akampa mkanda wa 110, na hakukosea: ulikuwa wa gari lenye kompresa. Fundi aliyekuja naye akaufunga, akavuta altaneta hadi mwisho wa nafasi yake, na bado mkanda ukabaki umelegea kiasi cha kuuzungusha kwa vidole viwili. Walijaza maji, wakawasha. Ulilia, taa ya betri ikafifia bila kuzimika.

Hapo familia ikagawana. Mama na binti walipanda Hiace iliyokuwa inaenda Magu, na vyombo vyao. Mwalimu na kijana wakageuza gari kurudi Nyakato polepole, bila taa wala redio, wakisimama kila mshale ulipovuka katikati. Walifika kwangu saa sita. Mama aliwahi mazishi. Mwalimu hakuwahi, na hilo lilimuuma kuliko gari.

Tulichokikuta gereji

Kabla ya kufungua bolti yoyote nilitandaza ule mkanda uliokatika juu ya meza. Mkanda uliokufa husomeka, mradi usiutupe.

Upande wa ndani, mistari yake ilikuwa inang'aa kama kigae. Hiyo ni dalili ya kuteleza kwa muda mrefu. Sehemu ya mistari ilikuwa laini, imevimba, ukiibonyeza kwa ukucha alama inabaki. Hiyo ni oili. Na ukingo mmoja tu, ule wa upande wa injini, ulikuwa umechanika nyuzi zikining'inia, ukingo wa pili mzima kabisa. Mkanda unaoliwa upande mmoja ulikuwa unakimbia kwenye puli isiyonyooka na wenzake.

Namba za mgongoni zilikuwa zimefutika. Mwalimu alikuwa na chaki mfukoni, tabia ya miaka yake ya kazi, akasugua ubavu wa chaki juu ya mgongo wa mkanda na kufuta ziada kwa kidole. Unga ukabaki kwenye michubuko ya maandishi, ikasomeka 4PK, kisha 8, kisha nusu ya namba nyingine. Herufi PK zinataja aina ya mistari, namba ya mbele idadi ya mistari, na namba za nyuma urefu kwa milimita. Yaani mistari minne, na urefu wa mia nane na kitu. Ule wa Kisesa ulikuwa umezidi hapo kwa mbali.

Tukaingia kwenye injini. Puli ya altaneta ilizunguka kwa mkono bila kukwaruza. Puli ya stelingi nzuri. Puli ya pampu ya maji, nilipoishika kwa mikono miwili, juu na chini, na kuitikisa, ilicheza. Si sana, labda milimita moja, lakini puli ya pampu ya maji haitakiwi kucheza hata kidogo. Kwa tochi nikaangalia kitundu kidogo chini ya pampu, kile kinachotoa maji sili ya ndani ikichoka: palikuwa na michirizi mikavu ya rangi ya kutu. Rula ya chuma ikilazwa kwenye uso wa puli ya krenki ilionyesha puli ya pampu imeinama.

Juu yake, gasketi ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, ilikuwa inavujisha oili kwenye kona ya upande wa mikanda. Si kuvuja kwa kudondoka chini, ambako mwenye gari angeona doa uani. Oili ilikuwa inatambaa juu ya kava ya taimingi na kuishia kwenye mikanda, ikichanganyika na vumbi kuwa tope jeusi kwenye mifereji ya puli.

Mwisho tukaangalia kama joto limeacha madhara. Oili kwenye kijiti ilikuwa safi, haikuwa rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji kuingia kwenye oili. Injini ilipopoa tulijaza rejeta, tukawasha kwa muda mfupi, hakukuwa na mapovu yanayopanda. Hedi, kichwa cha injini kinachoharibiwa na joto, imesalimika. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni mgandamizo unaoshikwa na kifuniko cha rejeta. Raba ya kifuniko hiki ilikuwa bado hai. Ingekuwa imekufa, zile kilomita tatu zingekuwa na hadithi nyingine.

Maamuzi na sababu zake

Mwalimu alikuja na hela ya mkanda. Nilimwambia wazi: "Shikamoo tena mwalimu, lakini nikikufungia mkanda tu leo, utarudi kabla ya mwezi kuisha." Akaniuliza maswali ya mwalimu, moja baada ya jingine, nami nikamwonyesha puli inavyocheza. Akaishika mwenyewe. Baada ya hapo hatukubishana tena juu ya pampu.

Tukakubaliana hivi: pampu mpya ya maji, gasketi ya tapeti kava, mikanda yote miwili ya nje, na kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) badala ya maji ya bomba aliyozoea kuongeza. Mkanda wa stelingi haukuwa umekatika, ila ulikuwa na nyufa zinazopita mistari yote, na kwa kuwa pampu ya maji ilikuwa inatoka, ulikuwa lazima uvuliwe. Kuurudisha wa zamani kungemfanya alipie kazi ileile mara mbili.

Kilichobaki kilikuwa mkanda wa taimingi. Hakuna aliyejua ulibadilishwa lini, na kawaida yake ni kilomita 100,000. Nilitaka tuubadilishe palepale kwa sababu kava zilikuwa zinafunguliwa. Hela haikutosha. Nilikubali kuusogeza miezi miwili, kwa sababu mbili. Niliukagua, nikauona mkavu, oili haijaingia ndani ya kava. Na kwenye injini hii mkanda wa taimingi ukikatika gari linazimika, ila valvu hazigongani na pistoni. Ingekuwa injini ambayo valvu hupinda, nisingeliachia gari lile liondoke kwa barabara ndefu.

Urefu wa mkanda mpya wa altaneta hatukuutafuta kwa jina la gari. Nilichukua kamba ya katani isiyovutika, nikaisogeza altaneta hadi theluthi ya kwanza ya nafasi yake, nikapitisha kamba kwenye puli tatu kama mkanda utakavyopita, nikaikata na kuilaza kwenye futi: sentimita 86. Ikalingana na mabaki ya namba yaliyoonekana kwa chaki. Tulinunua wa milimita 860, tukajaribu na wa 850 kuwa na uhakika, tukabaki na 860 kwa kuwa ulituachia nafasi ya kukaza baadaye.

Mifereji ya puli ilisuguliwa kwa brashi ya nailoni na maji ya sabuni, ikakaushwa kwa hewa. Hiyo kazi ya dakika ishirini ndiyo vijana huiruka mara nyingi zaidi. Mkanda mpya ukilazwa juu ya tope la oili unaanza kuzeeka siku hiyohiyo.

Matokeo

Gari liliondoka jioni ya siku ya pili, kimya. Asubuhi iliyofuata mama akanipigia: "Mwanangu, limelia tena."

Hili ni kosa letu. Mkanda ulikazwa ukiwa mpya na injini ikiwa baridi, kijana wangu akaubonyeza kwa kidole gumba, akaridhika, nami sikurudia kupima. Mkanda mpya hulegea kidogo unapokaa kwenye mifereji yake. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinauhesabu mkanda kuwa umeshatumika ukishazunguka na injini dakika 5 tu, na ndiyo maana kipimo cha mkanda mpya na cha uliotumika havifanani. Tulipaswa kuwasha, kusubiri, kuzima, kupima upya.

Gari liliporudi sikuruhusu mtu yeyote akaze kwanza. Tuliwasha, nikanyunyiza maji kidogo kwenye upande wa mistari ya mkanda. Mlio ukaongezeka. Ungepungua kisha ukarudi, ningeshuku puli bado haijanyooka. Ulipoongezeka, nilijua ni ulegevu. Tukapima kwa mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia samaki Mwaloni Kirumba: ndoano kwenye kipande cha ngozi kilichozungushwa mkanda, katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi, ukavutwa hadi kilo 10, rula ikisimama pembeni. Ulisogea karibu sentimita mbili. Tukakaza hadi ukasogea sentimita moja hivi, tukawasha dakika kumi, tukapima tena, ukabaki palepale.

Miezi mitatu baadaye nililiona gari barabarani nikalisimamisha. Mkanda mkavu, kingo zote mbili nzima, kitundu cha pampu kikavu. Kwenye sehemu ya chini ya boneti tuliandika kwa rangi nyeupe: 4PK860, HALINA KOMPRESA.

Uchambuzi

Nimewauliza mafundi kadhaa nini kilikata mkanda ule, na jibu la haraka limekuwa umri. Umri ulichangia, lakini mkanda uliozeeka tu huwa na nyufa pande zote. Huu uliliwa upande mmoja. Kwa ninavyousoma mimi, mambo yalianza juu, kwenye gasketi ya bei ndogo. Oili ikashuka, mkanda ukateleza, ukalia. Mlio ukajibiwa kwa kukazwa. Kukazwa kupita kiasi kukahamishia mzigo kwenye beringi ya pampu ya maji, ambayo haina nafasi ya kukimbilia. Beringi ikachoka, puli ikainama, puli iliyoinama ikaula mkanda ukingo, na ukakatika siku ambayo familia ilikuwa na haraka kuliko siku zote.

Kwa hiyo kukaza kulifanya kazi kama dawa ya maumivu. Kulinyamazisha dalili mara mbili, na kila mara kukauongeza ugonjwa. Fundi wa jirani simlaumu kwa nia. Mteja alikuja na malalamiko ya mlio, akaondoka bila mlio. Lakini hakufuta mkanda kwa kitambaa cheupe aone kinatoka na rangi gani, na hilo lilikuwa jambo la nusu dakika. Sabuni nayo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu iliondoa hata ile kelele iliyokuwa inamwonya mwenye gari.

Lililookoa injini lilikuwa jicho la mama kwenye mshale wa joto. Kijana ni dereva mzuri, lakini aliitafsiri taa ya betri kama taa ya betri tu. Kwenye gari ambalo mkanda mmoja unabeba altaneta na pampu ya maji, taa hiyo ikiwaka ukiwa mwendoni ni ya kusimama na kufungua boneti, na macho yasitoke kwenye geji. Nilimchorea mwalimu njia ya mkanda kwenye karatasi, naye akamchorea kijana. Kumwacha kijana aendelee kilomita nyingine tano kungegharimu gasketi ya hedi na pengine hedi yenyewe, na hiyo ni kazi ambayo familia ile isingeimudu mwaka huo.

Kuhusu kosa la urefu sioni wa kulaumiwa Kisesa. Muuzaji alijibu swali aliloulizwa. Ila mkanda uliokatika ulikuwa mikononi mwa familia wakati huo, ndani ya mfuko wa plastiki, na haukwenda dukani pamoja na bodaboda. Ungepelekwa, hata umechanika, ungelazwa sambamba na mpya na tofauti ingeonekana kwa macho. Magari yetu yana miaka ishirini na zaidi, yamepita mikono ya mafundi wengi, na kila mmoja ameacha mabadiliko yake. Jina la gari halikwambii tena mkanda upi linavaa.

Ninachokijutia zaidi ni kupima kwa kidole gumba. Tangu kisa hiki, mizani ya samaki imening'inia ukutani karibu na meza ya zana, na gari halitoki bila kipimo cha pili kuandikwa kwenye daftari.

Na mkanda wa taimingi bado. Miezi miwili niliyompa mwalimu imepita, na siku nilipolisimamisha gari barabarani aliniambia hela imekwenda kwenye matanga. Niliufungua tena mfuniko wa juu palepale pembeni ya barabara, nikaangalia kwa tochi: mkavu, meno yapo. Nimemwomba asiende Magu na gari hilo hadi tuubadilishe, na Jumamosi hii nampigia simu tupange siku.